Dada Maua Aliijua Riwaya Kabla Sijaisoma

Dada yangu Maua hakujua kusoma hata jina lake. Lakini siku ile nilipomfungulia riwaya mpya, karatasi bado zinanuka wino, alinikatisha ukurasa wa pili tu.

"Huyo mpagazi hana kivuli," alisema.

Nikaangalia kitabu. Hapakuwa na habari yoyote ya kivuli. Nikaruka mbele, nikafunua ukurasa, nikafunua mwingine.

Mpagazi kweli hakuwa na kivuli.

Jamani, nilikitupa kile kitabu mkekani kama nimeshika nge.

Sasa ngojeni nianze vizuri. Humu kwenye grupu letu haipiti wiki bila mtu kuuliza, "Wadau, nipendekezeeni riwaya mpya. Ya mapenzi, ya upelelezi, ya kutisha, yoyote." Na mnapendekeza kweli, sina ugomvi na mtu. Ila mimi neno "nakupendekezea" likitajwa mwili unanisisimka. Leo nitawaambia kwa nini, halafu mwisho nitapendekeza na mimi.

Na wale mnaonijua kwa sura na kwa jina, najua mtashtuka muda si mrefu. Kausheni kwanza. Someni mpaka chini.

Ilikuwa Tabora, mwaka sabini na nne.

Mwaka ule watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Malori yote, ya serikali na ya watu binafsi, yalikuwa barabarani yamebeba watu, mbuzi, vihenge na milango ya nyumba. Shemeji yangu Saidi, mume wa Maua, alikuwa dereva wa lori moja la kukodiwa.

Saidi alikuwa mtu wa maneno. Akirudi safari, hata uso hajanawa, anavuta kigoda chake na kuanza.

"Maua mke wangu, we acha tu. Leo nimeponea tundu la sindano."

Hapo ndiyo kaanza. Mara kakutana na mzuka kwenye ile njia ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi na pembe za ndovu kwenda pwani. Mara polisi wamemsimamisha, kumbe ndani ya robota la pamba alilopakia kuna maiti. Maua anasikiliza mkono uko mdomoni, anaamini neno kwa neno.

Mimi Zamda nilikuwa msichana bado, nafundisha kisomo cha watu wazima. Nilipomwambia dada aje darasani alinicheka.

"Nisome nini, Zamda? Gazeti langu nimeolewa nalo."

Halafu Saidi akafa.

Aliyeleta habari alitumwa na mwenye lori. Alisimama barazani kwetu, mtaa wa Chemchem, akasema dereva amefariki kule Lusu, upande wa Nzega. Ameumwa na nyoka. Mvua za kwanza zimeharibu barabara, kwa hiyo wamemzika huko huko. Akatoa pole, akaondoka. Hata maji hakunywa.

Basi. Mtu mrefu, sauti yake unaisikia mtaa wa pili, amekwisha kwa maneno ya kusimama mlangoni.

Maua hakulia. Wanawake walimvisha nguo nyeupe, wakamwingiza chumbani kukaa eda. Shangazi yetu, Bi Batuli, akajipa ulinzi. Mwanaume yeyote asiye wa damu hakanyagi hata kizingiti. Nani amwambie kitu Bi Batuli? Mtaa mzima ulikuwa unamwogopa.

Dada akakaa mkekani anautazama ukuta. Wali hataki, ugali hataki. Uji unapoa mbele yake mpaka unashika utando.

Na alikuwa mjamzito.

Mama Josepha, mkunga wetu, alimshika tumbo, akanivuta uani.

"Zamda, mtoto huyu anacheza kwa mbali sana. Dada yako asipokula mtazika wengine wawili. Sikutishi, nakwambia ujue."

Maua ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Mimi nilikuwa sina mtu mwingine wa kumwita wangu.

Nikawaza. Mtu amelishwa hadithi miaka yote ya ndoa yake, leo mlo wenyewe umekatika. Labda hiyo ndiyo njaa yake. Nikavaa kanga yangu huyo mpaka stesheni.

Pale stesheni kulikuwa na kibanda cha magazeti na vitabu cha bwana mmoja anaitwa Raymundi. Alisomea upadri, akaacha njiani, sijui yalimkuta yapi.

"Shikamoo, kaka Raymundi."

"Marahaba. Ya mapenzi, ya upelelezi, ya kutisha, au ya ujenzi wa taifa?"

Ndivyo alivyowapokea watu wote.

Nikamwambia nina mgonjwa wa huzuni, mjane, nataka kumsomea kitu kitakachomnyanyua. Akafikiri sana, kidole kinatembea juu ya vitabu. Akatoa kimoja chenye picha ya msichana anachungulia kisima. *Pete Iliyobaki Kisimani*.

"Hii ya mapenzi. Wateja wangu wanawake wanaigombania. Kuna mteja wangu mmoja tu, huyo ndiye mshauri wangu wa vitabu, yeye aliikataa. Anasema ya mapenzi anayo nyumbani."

Nikacheka kwa adabu, nikaichukua.

Ilikuwa kosa. Kijana alipomshika msichana mkono tu, dada alijifunika kanga gubigubi na kugeukia ukutani. Siku nzima hakugeuka.

Nikarudi kibandani machozi yananilenga.

"Nipe ile ambayo huyo mshauri wako anaisifu."

"Hiyo ni ya kutisha. Utamsomea mjane?"

"Nipe, kaka. Sina njia nyingine."

Akanipa *Kambi ya Wasiorudi*. Riwaya ya msafara wa zamani na mzuka wa mpagazi. Ndiyo hiyo niliyoitupa mkekani.

"Umejuaje kama hana kivuli?" nilimuuliza Maua.

"Si ilimtokea Saidi. Alilala njiani karibu na Kigwa, mpagazi akaja kumwomba moto wa sigara. Mbona umeacha? Soma."

Alikuwa amekaa wima. Tangu msiba uingie sikuwa nimemwona amekaa wima.

Nikaokota kitabu, na bakuli la uji nikalisogeza. Nikasoma. Akapiga funda. Nikasoma tena, akapiga jingine. Kila mara ananikosoa.

"Hapo kakosea huyo mwandishi. Fisi hawakukimbia, Saidi aliwafukuza kwa spana."

"Sawa dada. Kunywa."

Nilikuwa na furaha na woga kwa pamoja. Sikutaka hata kujiuliza. Anakula, yaishe.

Kitabu kilipokwisha nikakimbilia stesheni tena. Raymundi akanipa riwaya nyingine aliyoisifu mshauri wake, ya upelelezi, *Maiti Ndani ya Robota*. Nikaanza kuisoma, na kabla hata mpelelezi hajashuka kwenye treni, Maua akasema:

"Muuaji ni karani wa mizani."

Nikafungua mwisho wa kitabu.

Karani wa mizani.

Dada akaweka bakuli chini taratibu. Akakichukua kitabu mkononi mwangu, akakigeuza nyuma na mbele, yeye asiyejua hata herufi a.

"Zamda. Hiki kimeandikwa na nani?"

"Mtu wa Dar es Salaam."

"Anamjua Saidi?"

"Amjulie wapi, dada?"

"Kama yeye hamjui Saidi," akasema, "basi Saidi ndiye alikuwa anamjua yeye. Alikuwa anayatoa humu."

Akacheka. Jamani, kicheko kile! Kicheko chake halisi, cha kurudisha kichwa nyuma. Hata Bi Batuli alichungulia kutoka uani. Mimi nikaanza kucheka naye, machozi yananitoka, nasema Mungu mkubwa, dada amerudi.

"Mwongo mkubwa yule!" alisema. "Mzuka uongo. Maiti uongo. Miaka yote nimekaa mkono mdomoni kumbe nasomewa kitabu!" Akajifuta macho. Halafu uso wake ukabadilika. "Na huyo nyoka? Nyoka naye kamtoa kitabu gani?"

Kicheko kikanikauka.

"Dada..."

"Hajafa. Mimi maiti nimeiona? Kaburi nimeliona? Mtu kaja kusimama hapo nje kasema maneno, basi nimekuwa mjane. Saidi katunga. Yuko mahali anasubiri tukolee, aje akae kwenye kigoda chake aseme kaponea tundu la sindano. Haya. Na mimi namsubiri. Siku akija ndiyo nitakula."

Akausukuma uji mpaka ukamwagika. Kisha akajiburuza, akakishika kile kigoda cha Saidi kilichokuwa pembeni, akakitoa nje ya pazia la chumba, akakiweka sawa kama anamwandalia mtu.

Kuanzia hapo hakutia kitu mdomoni ila maji. Nilimpigia magoti. Nilimwapia. Bi Batuli alimsomea dua mpaka sauti ikamkauka. Mama Josepha alikuja, akaweka sikio tumboni, akaliacha muda mrefu mno. Alipoinuka hakunitazama usoni.

"Muda hakuna tena, mwanangu," alisema.

Nilitoka pale sijui hata kama nimevaa viatu. Nilifika kibandani kwa Raymundi nikambwagia vitabu vyake mezani.

"Huyo mshauri wako ni nani?"

"Kuna nini, dada?"

"Nani? Anaitwa nani?"

"Saidi. Dereva wa lile lori la bluu. Siku hizi simwoni, nadhani wamempeleka mbali kwa hizi operesheni za kuhamisha watu..."

Nikakaa chini pale pale kwenye mavumbi, mbele za abiria.

"Kaka Raymundi, huyo ndiye tunayemlilia. Mjane wake ndiye ninayemsomea."

Raymundi alivua miwani. Alikaa muda anaifuta, na haikuwa na uchafu.

"Aliniambia ya mapenzi anayo nyumbani," alisema.

Hapo nikaangua kilio bila aibu yoyote.

Pembeni ya kibanda alikuwepo kijana amebeba kifurushi cha gunia, msalaba shingoni. Alikuwa ametusikia. Akasogea.

"Wewe ndiye Zamda? Mimi Kornel. Utingo wa Saidi."

Nikainua uso.

"Ulikuwa naye?"

"Tulikuwa mimi na yeye tu. Nimekuja kwenu zaidi ya mara moja, nimeleta vitu vyake. Shangazi yenu ananifukuza. Anasema mjane yuko eda, mwanaume gani mimi, tena Mkristo. Nami siwezi kubishana na mtu mzima kwenye msiba. Nikarudi."

Alizungumza kwa upole, lakini lafudhi yake haikuwa ya Unyamwezi. Kitu kikanigonga kichwani.

"Kornel, kwenu wapi?"

"Morogoro. Mluguru wa milimani kabisa."

Nilisimama kama nimechomwa sindano.

Kwa wadogo zangu msiojua: sisi Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Babu zetu walishuka na misafara mpaka pwani, wakapita kwao, wakagombana, wakanyimana chakula, wakaoana, mwisho wakatoka watani. Na mtani kwenye msiba ana haki zake. Anaingia bila hodi. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anadai chakula, anawatukana wafiwa mpaka wacheke wakiwa wanalia. Hazuiwi. Ukimzuia mtani unajitafutia aibu ya ukoo mzima.

"Mluguru!" nilipiga kelele. "Mluguru unasimama kwenye baraza ya Wanyamwezi unapiga hodi? Wewe ulitakiwa uingie unatukana!"

Kornel akatazama chini.

"Najua."

"Sasa?"

"Nilishindwa, Zamda. Yule alikuwa rafiki yangu. Nianzeje kumcheka?"

Nikataka kumhurumia, lakini huruma sikuwa nayo ya kugawa siku ile.

"Basi dada yangu atakufa," nilimwambia. "Na mtoto wa Saidi aliye tumboni atakufa. Wewe endelea na adabu zako."

Kornel alikaza ile kamba ya gunia, akajifuta uso kwa kiganja.

"Shangazi yenu atakuwepo?"

"Yupo saa zote."

"Afadhali awepo," alisema.

Nikatangulia nyumbani. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali, wanawake wapo barazani wanachambua karanga na michembe. Mara tukasikia mtu anaimba huko njiani, anaimba vibaya, anavuta maneno.

Mikono yote ikasimama juu ya ungo. Ilikuwa sauti ya Saidi.

"Nyie Wanyamwezi! Nyie wabeba mizigo! Mwenye nyumba karudi, hata maji ya kunawa hakuna?"

Akatokea Kornel. Kavaa koti la kaki la Saidi, kofia ya Saidi imelalia sikio moja, anatembea ule mwendo wa Saidi wa kutupa mabega. Miguuni kavaa viatu vya Saidi, anaburuza.

Bi Batuli akainuka na mwiko.

"We kijana! Si nilikwambia..."

"Mimi Mluguru, shangazi. Mtani wako. Nitoe, tuone."

Mkono wa Bi Batuli ukabaki juu. Ukashuka kidogo kidogo.

"Kumbe," alisema. "Kumbe, mwanaharamu wewe. Siku zote hizo unanisalimia tu!"

Wanawake wakaangua kicheko ndani ya kanga zao, na wengine nikaona mabega yanatikisika kwa kilio. Kornel akachota michembe kwenye ungo, akatafuna, akatema.

"Hivi ndivyo mnavyomlisha marehemu? Viazi vya kukauka? Ndiyo maana nikafa, nikapumzike na mapishi yenu!"

Akapita katikati yao mpaka ndani, mpaka kwenye pazia la chumba cha dada. Kigoda kilikuwa pale pale kilipowekwa. Akakikalia.

"Maua mke wangu, we acha tu."

Ndani nikasikia mkeka unachakacha.

"Saidi?" dada aliita.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikashika ukuta. Nikasema moyoni, Zamda, umemmaliza dada yako kwa mikono yako.

Kornel hakugeuka kunitazama. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya ile kofia.

"Leo nimeponea tundu la... Hapana. Safari hii sikuponea, mke wangu." Bado sauti ni ile ile ya Saidi. "Tumefika Lusu, kuna bibi mmoja kakataa kuhama. Anasema haendi kijiji kipya bila nyasi za paa lake. Kila mtu kaona kichaa. Mimi si unanijua, mimi bwana mkubwa, nikasema leteni hizo nyasi nizipakie mwenyewe. Nikakumbatia mzigo. Nyoka alikuwa humo humo. Akanipata juu kidogo ya kiatu."

Huko nje vicheko vilikuwa vimekwisha. Bi Batuli alisimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake.

"Utingo wangu, yule Mluguru mjinga, kuendesha hajui. Nikaendesha mwenyewe kuitafuta hospitali. Mvua ikanyesha, lori likazama kwenye tope. Nikavuta breki ya mkono. Ndipo nikasema maneno makubwa sana..."

"Maneno gani?"

Dada alimkata kwa ukali. Sauti ilikuwa karibu kabisa, amesogea mpaka kwenye pazia.

"Nimekuuliza, alisema maneno gani? Kwenye hadithi zake kila anayekufa anasema neno. Saidi alisema nini?"

Kornel akavua kofia. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Hakusema neno, shemeji. Alisema viatu vinambana."

"Rudia."

"Mguu ulikuwa umevimba. Akaniambia, Kornel, vuta kiatu. Nikavuta, hakikutoka. Akasema, 'Vuta, bwana. Viatu hivi vimenibana tangu siku niliyovinunua. Nilikatazwa sikusikia.' Nikakichana kwa kisu. Akasema ahsante. Akaomba maji. Nikageuka kuchukua dumu nyuma ya kiti. Nilipomgeukia..."

Alishindwa kumaliza. Akanyoosha mguu tu, akaupitisha chini ya pazia.

Kiatu kilikuwa kimechanwa kutoka juu mpaka karibu na vidole.

Tulisubiri. Nikaona pazia linavutika chini, dada amekishika kile kiatu kwa mikono miwili.

"Nilimwambia ni vidogo," alisema. "Nilimwambia pale pale dukani, muuzaji anasikia. Akanijibu vitalegea."

Kisha akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe:

"Hii siyo ya kitabu. Saidi angeitunga hii, angejiwekea maneno."

Ndipo alipolia. Kilio kilichokuwa kimefungiwa tangu siku ya kwanza kilitoka chote, nadhani Chemchem nzima ilikisikia. Bi Batuli aliuangusha mwiko, akaingia ndani akamkumbatia, analia na yeye kwa sauti. Mimi nilikuwa sakafuni. Upande wa nje wa pazia Kornel aliinama kwenye kigoda, koti la Saidi limemfunika kichwa, analia kwa ule ukimya wa wanaume.

Tulilia mpaka jua likapungua makali.

"Mpeni mtani chakula," dada alisema baadaye, sauti imekwama puani. "Asije akatutangaza kwao Uluguru. Na mimi nipeni."

Tukaleta michembe na karanga. Wakala, huyu upande huu wa pazia, huyu upande ule. Nilikuwa nahesabu kila anapotafuna, na sikuona haya.

Eda ya mjamzito huisha siku anapojifungua. Kwa hiyo siku Maua alipojifungua mtoto wa kiume, mama Josepha alipompiga kofi na mtoto akapiga ukelele wa kukasirika, ndiyo siku nguo nyeupe zilipovuliwa. Kornel alikuwa barazani. Alipoambiwa ni mwanaume alisema anamdai, ni mtumwa wake, Mnyamwezi mwingine kazaliwa wa kumbebea mizigo. Bi Batuli akamfukuza na mwiko, safari hii anacheka.

Ndani ya lile gunia, pamoja na shati na spana, kulikuwa na riwaya moja ya ujenzi wa taifa, *Shamba Letu Sote*. Ukurasa mmoja katikati ulikuwa umekunjwa pembe. Raymundi alisema hiyo ndiyo haikuwahi kusifiwa na mtu. Maua alikuja nayo kwenye darasa langu la kisomo, mtoto mgongoni, akaniambia nimfundishie humo. Alijifunza mpaka akaufikia ule ukurasa uliokunjwa. Zaidi ya hapo hakwenda. Alisema Saidi naye hajui mbele kuna nini, haifai amtangulie.

Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Sasa nyie mnaonijua, mmevumilia, ahsanteni. Najua inbox imeshajaa: "We Saidi, umeanza lini kuitwa Zamda?"

Ni kweli. Mimi siyo Zamda. Zamda ni mama yangu mdogo, Mungu amrehemu. Hayo yote ameyaona yeye, si mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nacheza kwa mbali tumboni. Wakanipa jina la baba.

Nilisimuliwa na mama mdogo na Kornel, yule mtani niliyezoea kumwita baba, kila mmoja na kipande chake, nikawaletea nyie kama yamenitokea mwenyewe. Msinichukie, ndiyo damu yetu. Mtu hajanawa hata uso, kashavuta kigoda.

Niliahidi kupendekeza, napendekeza. Ya mapenzi, someni kama nyumbani hamnayo. Ya kutisha na ya upelelezi, someni, halafu mkamsimulie mtu mnayempenda, hata mkijitia nyie ndio mliofukuza fisi. Hakuna aliyekufa kwa uongo wa namna hiyo. Ila mkipeleka habari ya msiba, msisimame mlangoni mkaondoka. Ingieni, kaeni, mwambieni mwenye msiba mtu wake alikwenda vipi, hata kama kilichosemwa ni habari ya kiatu tu. Bila mwisho huo, mtu anaweza kukaa na njaa mpaka akafa.

Mama bado yupo, macho yamechoka. Kile kiatu kiko juu ya kabati lake. Leo asubuhi kabla sijaposti nilimsomea simulizi hii yote, tangu mpagazi asiye na kivuli mpaka hapa.

Alisikiliza mkono uko mdomoni. Nilipomaliza akanitazama.

"Hii nayo," aliniuliza, "umeitoa kitabu gani?"